Jinsi ya Kutembea kwa Unyayo Mmoja

Umechoshwa na miguu miwili na umeamua kuwa koa wa baharini? Hongera. Chagua yule wa jamii ya Tritonia, koa wa rangi ya chungwa anayeishi kwenye tope na mchanga wa sakafu ya Pasifiki, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Gamba hana. Unyayo anao mmoja tu, na ndio wote utakaouhitaji.

Wageni wengi huanza kwa kukaza misuli. Acha. Unyayo wako umejaa silia, vijinywele visivyoonekana kwa macho, na kila kimoja hupiga ute kama kasia: kikisukuma kinanyooka, kikirudi kinajipinda kisikurudishe ulikotoka.

Sasa toa amri. Ubongoni una seli za neva kubwa ajabu, nyingine zaonekana bila hadubini, na seli ileile utaikuta mahali palepale kwa kila koa, ndiyo maana watafiti wamezipa majina. Amsha Pd21. Itamwaga kemikali iitwayo serotonini unyayoni, na silia zitaongeza kasi. Hapa tulia kidogo, maana ndipo penye uzuri wenyewe: serotonini haisukumi chochote. Nguvu ni ya silia, zenye protini ya daineini inayotumia nishati ya ATP. Kemikali inaziambia tu ziharakishe. Amsha pia Pd5 na Pd6. Hizo hutuma peptidi, na mwaka 1997 mtafiti Dennis Willows na wenzake walionyesha kwamba peptidi hizo nazo huongeza mapigo ya silia.

Ukiguswa na kiti cha pweza mla koa, usitambae. Ogelea kwa kujikunja mgongo na tumbo, kwa zamu. Ukishatua, seli za serotonini zilizokuogelesha zitaendelea kuchochea Pd5 na Pd21, nawe utatambaa haraka hadi uwe mbali na adui.

Ukitaka kupunguza mwendo, nyamazisha seli hizo. Kome ana utaratibu mwingine: kwenye matamvua yake serotonini huharakisha silia za pembeni, dopamini huzipunguza kasi. Mchanganyiko huo mwachie mwenyewe kwanza.

Ila ukipata kome mbichi na hadubini ya shule, kata kipande kidogo cha tamvua, kiweke kwenye tone la maji ya bahari, uchungulie. Silia zitakuwa bado zinapiga.