Magoti Yangu Ndiyo Yaliyofaidi

Amplifaya ya valvu haisemi ukweli mpaka uiudhi. Ukiifungulia sauti ya kistaarabu, ile ya kuheshimu majirani, inakupa mlio mkavu usio na hisia. Utamu unaanza pale valvu zinazosukuma spika zinapozidiwa: hapo noti inanenepa, inang'ang'ania, inalia. Hapo hapo ndipo baba mwenye nyumba anapobisha hodi.

Yangu ni Vox AC30, wati 30. Wapo wanaocheka: "Wati 30 tu? Mbona spika za daladala zinaizidi?" Kaka, njoo usimame mbele yake. Sikio halihesabu kama mita ya umeme. Ili lisikie sauti imeongezeka maradufu, linataka nguvu mara kumi hivi. Kwa hiyo hata ningeshuka hadi wati 3, mtaa ungepunguziwa nusu tu ya balaa.

Na dawa yake inajulikana miaka mingi. Mwaka 1970, kule Miami, Eric Clapton na Duane Allman walirekodi albamu ya Derek and the Dominos kwa vikasha vya Fender Champ, wati tano hivi. Kidude kidogo kinazidiwa mapema, maiki haijui udogo wake, basi kwenye rekodi kinatoka jitu. Lakini hebu ingia studio na kikasha cha wati tano mbele ya wapiga gitaa wenzako uone utakavyoitwa.

Fundi mitambo wetu yeye amebandika trei za mayai ukuta mzima, anaamini zinazuia sauti isitoke. Sauti inazuiwa na uzito, mzee wangu: tofali, zege, mchanga. Trei zinapunguza mwangwi kidogo humo ndani, basi. Faida kubwa niliyoiona ni kwamba tunajua nani anakula mayai.

Halafu ije maiki. Shure SM57, ile iliyotoka mwaka 1965 na hadi leo haijapata mrithi mbele ya spika ya gitaa. Ukiielekeza katikati ya koni, gitaa linachoma masikio. Ukiisogeza ukingoni, linalainika na kuwa zito. Ukiikaribisha sana, sauti nene zinavimba. Upana wa vidole viwili unatosha kulibadilisha gitaa zima, basi mimi niko sakafuni, feni imezimwa isije ikarekodiwa, jasho linatiririka, na fundi ananiambia kwenye hedifoni: "Sogeza kidogo, kaka. Hapana, rudisha. Rudisha palepale ilipokuwa." Palepale wapi? Koni haina namba!

Kisha tunasikiliza, nami nauliza lile gitaa tamu la chumbani limeenda wapi. Halijaenda popote. Miaka yote napiga nimesimama, spika iko chini, inaimbia magoti. Yale makali yote yalikuwa yakipita chini ya masikio yangu. Maiki imelazwa puani mwa spika, inasikia kila kitu, nayo haina adabu ya kunyamaza.

Na mngurumo je? Umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde, na gitaa lenye pikapu za koili moja linaudaka wote na kuuimba. Unachofanya ni kuzunguka na gitaa lako taratibu mpaka mngurumo upungue, kisha unaganda hapohapo. Ndiyo maana solo zangu nyingi za mapenzi nimezipiga nikitazama mlango wa choo.

Wakati huo mpiga besi kachomeka waya mezani moja kwa moja, kapiga, kamaliza, chai yake bado ya moto. Anachungulia mlangoni: "Bado tu?" Fundi naye anakata kila kilicho chini ya hezi 100 kwenye gitaa langu ili besi ipate nafasi. Kamba yangu nene ikipigwa wazi inatetema hezi 82! Yaani mimi nisugue sakafu, nipoteze urafiki na baba mwenye nyumba, halafu uzito wangu ukatwe ili bwana yule anyooshe miguu.

Nikamwomba basi anisaidie kubeba amplifaya hadi kwenye bajaji, maana inazidi kilo 30. Akasema mgongo unamsumbua.