Jinsi ya Kumnasa Muuaji kwa Matone ya Wino

Unataka kuwa mpelelezi wa sinema? Bastola huihitaji. Tafuta The Dark Mirror, filamu ya Kimarekani ya mwaka 1946 iliyoongozwa na Robert Siodmak, kisha fuata hatua hizi.

1. Chukua kesi iliyowashinda polisi. Daktari amechomwa kisu, amekufa. Mashahidi wanamtambua mwanamke anayeuza magazeti katika jengo alilofanyia kazi marehemu. Mashahidi wengine, wasio na sababu ya kudanganya, wanashikilia kwamba wakati huo alikuwa bustanini. Luteni Stevenson anafuatilia mpaka anakuta wako wawili: Terry na Ruth Collins, pacha wanaofanana kama shilingi kwa ya pili. Wote wanafunga midomo. Sheria haiwezi kuwafunga wawili kwa kisu cha mmoja, basi wanaachiwa.

2. Mwite mtaalamu wa saikolojia. Dk. Scott Elliott anaigizwa na Lew Ayres, ambaye katika Vita Kuu ya Pili alikataa kuua, akaenda Pasifiki kuhudumia majeruhi. Mtazame anavyohoji: hapazi sauti, hagongi meza.

3. Andaa vifaa. Zipo kadi 10 za matone ya wino, alizozichapisha Mswisi Hermann Rorschach mwaka 1921. Mwoneshe mhusika, muulize anaona nini, andika, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Ongeza jaribio la maneno: wewe taja neno, yeye ajibu la kwanza linalomjia, kabla hajapata nafasi ya kulipamba. Usimtie mtu hatiani kwa kadi peke yake. Unachopaswa kujifunza kwa Elliott ni subira ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho.

4. Sura isikuhadae. Olivia de Havilland anaigiza pacha wote wawili, na ufundi wa kamera unawakutanisha chumba kimoja wakizungumza. Wamevaa mikufu yenye majina yao. Usiitegemee, maana mkufu huvuliwa. Tazama matendo. Usiku mwanga unammulika Ruth usoni, anashtuka. Terry, kwa sauti ya huruma, anamwambia hapakuwa na mwanga wowote, ameota tu, kisha anampa dawa ya usingizi. Kikulacho ki nguoni mwako.

5. Ukishamjua muuaji, usizime. Filamu haimfichi mpaka dakika ya mwisho. Swali la “nani?” linaisha mapema, na linalobaki linatisha zaidi: je, Elliott atawahi kabla Ruth hajaamini kwamba amerukwa na akili? Hapo ndipo filamu hii inapozipita nyingi za upelelezi. Chanzo cha kosa si fedha wala urithi. Ni uchungu wa dada ambaye tangu zamani watu wamempita wakamchagua mwenzake, ilhali sura ni ileile. Polisi walimtafuta aliyeshika kisu. Elliott alitafuta kidonda kilichomshikisha.

6. Itazame tena. Safari hii mfuate Ruth peke yake, na uhesabu ni mara ngapi anamkingia kifua dada anayemmaliza.