Mishiri Mitatu kwa Nyota Moja

Katika desturi zetu sisi Wakamba wa Kitui, mtu mzima kula peke yake, hali ana akili timamu na majirani zake wangali hai, ni jambo lenye kuhitaji maelezo, kwani mwenye kujifungia na chungu chake hudhaniwa ama ni bahili ama ana neno na ahali zake. Basi nilipokuwa London kwa masomo, nikashikwa na tamaa ya kuionja dhifa ya mahali penye nyota, nilipoulizwa mlangoni kama ni mimi peke yangu, niliitikia kwa fedheha. Nikaketishwa penye meza ya wawili, na mhudumu akaanza kuondoa kisu, uma na bilauri ya yule asiyekuja, kimoja baada ya kimoja, kwa taadhima ya mtu anayekusanya vyombo vya marehemu.

Na msomaji asidhani kwamba nyota hizo hutolewa na wapishi. Hutolewa na Michelin, watengenezaji wa matairi wa Ufaransa, ambao mwaka 1900 walitoa kitabu cha kuwaongoza wenye magari, wakitumaini kuwa atembeaye sana hununua matairi mara kwa mara, na mwaka 1926 wakaanza kuzipa nyota hoteli zenye mapishi bora. Kama ndivyo, sioni kwa nini mafundi wa pancha wa Mtito Andei, wanaojua vyema ni wapi muthokoi wa mahindi umekobolewa ukatakata na wapi umelipuliwa tu, wasipewe nao mamlaka ya kugawa nyota.

Sahani zilikuja pana, chakula kikaja haba, na baina yao yakaja maelezo marefu. Baada ya vionjo kadha wa kadha vilivyokwisha kabla sijavitambua, kikaletwa kipande cha samaki chenye upana wa vidole viwili, na ubavuni pake mishiri mitatu, yaani maganda ya maharagwe machanga, imelazwa sambamba, inang'aa kwa siagi. Mhudumu akainama, mikono nyuma, akanieleza kwa lugha fasaha kwamba mboga ile adimu, nyembamba kupita kiasi, huchumwa kwa mkono na kuletwa kwa ndege kutoka Kenya.

Laiti angalijua anamwambia nani! Mishiri hiyo hulimwa Kibwezi, kwa jirani zetu wa Makueni, kwa maji ya mifereji, na ikisha kuchumwa hupimwa unene: ule mwembamba kabisa, usiozidi milimita 6, ndio hupewa daraja la juu na kupanda ndege, na ule uliozidi kunenepa hukataliwa, ukaishia kwa ng'ombe. Shemeji yangu huupanda kila msimu, na sijapata kuuona mezani kwake. Murua ulinizuia kuyasema hayo. Nikatikisa kichwa kama mgeni aliyeelimishwa, nikaukata mshiri wa kwanza vipande vinne, ili usiishe kabla mhudumu hajageuka.

Hesabu ililetwa imefunikwa kwa jalada la ngozi, na nilipofunua nilielewa kwa nini ilisitiriwa: kwa fedha zile ningalinunua mbuzi wawili mnadani Kathonzweni, nikaalika kijiji kizima.

Mwaka uo huo wa 1926, nyota zilipoanza kugawiwa huko Ufaransa, Makalasinga waliokuwa wakifanya kazi ya reli walijenga hekalu lao Makindu, kando ya njia ya Mombasa. Hata leo, msafiri yeyote avuaye viatu na kufunika kichwa hupewa humo chakula na chai bila malipo, asiulizwe kabila wala dini, wala kama yuko peke yake, na akitaka kuongezwa haonekani mkosa adabu. Kwa hukumu yangu, hapo ndipo pastahilipo nyota.

Nawe msomaji, ukishika njia hiyo, tua Makindu ule ushibe, uache sadaka kwa kadiri ya uwezo wako. Kisha ufikapo Kibwezi, nunua mishiri iliyokataliwa kwa unene. Ikipikwa na nyama ya mbuzi haina kasoro yoyote, na mafungu yake hayahesabiwi kwa tatu.