Sifa za Stata Mbovu

Stata nzima haina la kusifiwa. Unazungusha ufunguo, injini inawaka, unaondoka bila hata kumwona jirani. Mimi kilemba naivika stata mbovu, hasa ile ya Land Rover Series za zamani, na wanaosema ni kilemba cha ukoka waseme.

Kwanza, ina lugha, tena fasaha. Ikilia ta-ta-ta-ta mfululizo, betri imechoka au tamino zimelegea. Ikilia ta! mara moja ikanyamaza, shuku solenoidi au kaboni zilizolika. Ikizunguka kwa mlio mwembamba huku injini imetulia, bendeksi haishiki meno ya flaiwili. Binadamu wangapi wana uwazi huo?

Na uvumilivu wake! Hakuna kifaa kinachosingiziwa kama hiki. Injini imefungwa ringi na beringi mpya, siku ya kuijaribu imekaza: stata. Waya wa ethi umeshika kutu kwenye chesisi: stata. Tamino zimejaa ule unga mweupe wenye ubuluu, lakini inayofunguliwa na kubebwa kwa fundi kama mtoto mgonjwa ni stata. Mwenye gari anaapa betri ni nzima, mbona taa zinawaka? Taa zinakula ampea chache. Stata huvuta zaidi ya mia. Basi azitazame taa hizohizo wakati mwenzake anapiga stata. Zikikaribia kuzima, betri haina nguvu au stata imekwama. Zikibaki kung'aa, huenda umeme haujaifikia kabisa, na masikini haina kosa.

Mwaka 1911 Mmarekani Charles Kettering alibuni stata ya umeme, na Cadillac za 1912 zikatoka nayo. Kabla ya hapo gari liliwashwa kwa kuzungusha mpini mbele, na injini ikirudisha teke, mkono huvunjika. Dunia ikashangilia. Waliounda Land Rover hawakulewa shangwe hizo. Waliacha tundu la mpini kwenye bampa.

Stata mbovu haihitaji karakana. "Bosi, weka gia huru, kaa kwenye ufunguo," anasema fundi, anaingia uvunguni na spana moja, anaigonga mgongoni mara mbili tatu. Kaboni zinagusa tena shaba inayozunguka, injini inanguruma, naye anatoka na vumbi kichwani akiwa na hadhi ya daktari bingwa.

Tena humfanya mtu awe raia mwema. Haegeshi ila penye mteremko. Vijana wa kijiweni anawajua kwa majina, muuza mahindi anamuuliza habari za watoto, mzee wa dukani anapata shikamoo ndefu, maana hajui ni asubuhi ipi ataihitaji mikono yao. "Wanangu, nipigeni tafu!" Wanasukuma, gia ya pili, klachi inaachiwa, gari linashtuka, moshi unawafunika wote, na kila mmoja anadai ni nguvu zake. Wenye gia otomatiki hawaijui raha hii. Magari yao hayashtuliwi kwa kusukumwa.

Fundi ananishauri ninunue stata mpya. Namjibu kwamba bei imepanda. Simwambii kwamba nusu ya kamati ya harusi ya binti yangu niliipata nyuma ya gari langu, ikisukuma.