Shajara ya Banda la Bati

Tanga, Jumatatu 3 Februari. Saa saba mchana mitetea wote tisa walikuwa wameachama midomo, mabawa wameyatenga na mbavu. Kuku hana jasho. Joto hulitoa kwa kuhema. Mimi nikadhani wana njaa, nikawamwagia pumba. Hakuna aliyegusa. Mama wa nyumba ya pili akachungulia juu ya ua. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Mchana huu unawalisha ya nini? Chakula kikisagika tumboni nacho kinaleta joto. Wape alfajiri na jioni."

Jumanne. Nimewalisha kabla ya adhana. Wamekula vizuri. Lakini maji niliyaweka kwenye beseni jeusi la plastiki, jua likayafikia saa nne. Saa sita nilitia kidole: ya moto, kama ya kumkandia mzazi. Kuku walikuwa wamelizunguka beseni bila kunywa. Nimetafuta mtungi wa udongo uliovunjika shingo, nimeuzika nusu chini ya mwembe. Wamekunywa mpaka nikaona uchungu.

Jumatano. Mayai mawili tu. Moja ganda lake lilikuwa jembamba kama karatasi, likapasukia mkononi. Nilikuwa tayari kwenda kununua chokaa. Bwana mifugo akanizuia: "Dada, kuku anayehema kutwa hutoa hewa ya kaboni nyingi mno, damu ikapungukiwa na kile kinachojenga ganda. Hata ukimpa chokaa, bado anahema. Punguza joto la banda kwanza." Akanyoosha mkono kugusa bati kwa ndani, akaurudisha upesi.

Alhamisi. Kunguru kachukua kifaranga. Vifaranga wote nilikuwa nimewapaka rangi ya zambarau, kama tunavyofanya kuwakinga na mwewe. Kunguru hakubabaika. Tenga la kuwafunikia lilikuwa jikoni. Wamebaki sita, na koo kutwa nzima alikuwa akiita.

Ijumaa. Nimeokota yai nyuma ya debe, nikalipasulia kwenye unga wa chapati. Lilikuwa na nyuzi za damu. Yai lenye mbegu ya jogoo likikaa kwenye joto kama hili huanza kuumba kifaranga hata bila kuatamiwa. Unga wote nimemwaga. Kuanzia leo naokota mara tatu kwa siku na kuandika tarehe kwa penseli.

Jumamosi. Sungura dume alikuwa amejinyoosha ubavu, masikio ya moto. Huko ndiko anakotolea joto. Nikamwekea chupa ya maji yaliyoganda. Ameitafuna kizibo, maji yamemwagika, nyasi zimelowa zote. Nimempangusa masikio kwa kitambaa chenye maji, nikabadilisha nyasi. Magharibi alikula.

Jumapili. Fundi ameezeka makuti juu ya bati, na ukuta wa upande wa upepo tumeubomoa nusu tukaweka waya. Jogoo alikimbilia mwembeni kwa kelele za nyundo, akakataa kushuka. Amelala huko.

Jumatatu 10 Februari. Jogoo ameshuka mwenyewe. Wewe unayefuga chini ya bati tupu, msimu huu wa kaskazi ingia bandani saa saba mchana, ukae humo dakika kumi. Mimi leo nimekaa. Kuku walikuwa wamefumba midomo. Mayai matano, moja bado laini.