Chaneli 19 Haina Wakubwa

Mjomba,

Mama ameniambia umeikagua ile picha yangu ndani ya lori, ukauliza kile kidude cheusi kinachoning'inia kwa waya uliojisokota ni cha nini, na kama nimeshaingia upolisi. Hapana, Mjomba. Ni maiki ya redio koli, kama za wale askari wa hifadhi pale Sitalike, isipokuwa huku Marekani anaruhusiwa kuwa nayo yeyote mwenye mdomo. Tangu mwaka 1977 chaneli ziko 40. Ya 9 ni ya dharura. Ya 19 ndiyo ya madereva wa malori, na huko ndiko kuna kazi.

Historia yake ungeipenda. Mwaka 1973 mafuta yaliadimika, na mwaka uliofuata serikali ikashusha mwendo wa barabara kuu hadi maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88. Mtu analipwa kwa maili, halafu unamwambia atambae! Wakafunga redio: huyu anataja kituo chenye dizeli, yule anataja daraja alikojificha trafiki. Sisi tunapigiana taa, wao wakapigiana domo. Ikawa fasheni mpaka Ikulu; Betty Ford, mke wa Rais Gerald Ford, alikuwa na jina lake la redioni, "First Mama". Leseni ilitakiwa, lakini watu wengi hawakujali, na mwaka 1983 ikafutwa kabisa.

Sasa njoo kwenye adabu. Unaukumbuka mto Katuma mwezi wa kumi, maji yamebaki dimbwi, viboko wamejazana mgongo juu ya mgongo, kila mmoja anaguna kumshinda mwenzake? Basi hiyo ndiyo chaneli 19 saa mbili usiku.

Kwenye redio hizi anasema mmoja, wengine wanasikiliza. Wawili wakibonyeza kitufe kwa pamoja, sisi tuliobaki tunaambulia mluzi wa kutoboa sikio. Sheria inaruhusu wati 4 tu kwa redio ya kawaida, lakini wapo waliofunga amplifaya za magendo zenye nguvu ya kutikisa kioo cha jirani. Mmoja anabonyeza na kunyamaza: hana neno, ila hataki na wewe uwe nalo. Mwingine kafunga kidude cha mwangwi, akikohoa unadhani umekohoa ukoo mzima. Yupo anayepiga muziki. Na yupo anayetutukania mama zetu kwa zamu, hata hatujui! Ukimjibu kwa lafudhi ya Nsemulwa, anakwambia urudi kwenu. Nauli hatoi.

Jua nalo linachangia fujo. Likichafuka, mawimbi ya redio hizi hupanda juu, yakagonga tabaka la ionosfea, yakashukia mbali huko. Niko Nebraska, namuuliza dereva wa mbele kama ajali imeondolewa, anayenijibu ni mzee wa Alabama, tena kwa habari za goti lake.

Kisheria yote haya marufuku: muziki, miluzi, matusi, kuwazibia wengine njia. Na mazungumzo yasizidi dakika 5, kisha mkae kimya angalau dakika moja. Dakika 5, Mjomba! Kwa wewe na Baba Mdogo, dakika 5 hazijamaliza wagonjwa, ng'ombe hawajaguswa.

Nisiwaonee lakini. Majira ya baridi huko Wyoming, upepo unalaza trela kama mchezo, na sauti ileile iliyokuwa ikitutukana ndiyo iliyotangaza: "Punguzeni, kuna gari limelala njia ya kushoto." Wote kimya, asante moja moja, zamu kwa zamu. Kwetu tunatupa matawi barabarani. Huku ni huyo mlevi wa maneno. Tulipovuka salama, akarudi kwa mama zetu.

Tofauti ni kwamba kwetu dereva akikuchomekea Kibaoni, jioni utamkuta Mpanda mjini kwa mama ntilie, na kumbe mkwewe anasali na shangazi. Huku hana jina, hana sura. Kwa hiyo wazo lako la kuwafungia redio hizi vijana wa Fuso wanaobeba mpunga wa Majimoto, kwanza waone mamlaka ya mawasiliano, TCRA, halafu Mama Mkubwa aruhusiwe kusikiliza.

Juzi nilikuwa na rafiki yangu wa Kitale, Kenya, kila mtu na lori lake, tunaongozana. Yule mwenye kutufukuza nchini akaja hewani na haraka zake: mizani ya mbele imefunguliwa au imefungwa? Nadhani kazidisha mzigo, alitaka kuchepuka kabla. Waliompita wote wakawa mabubu. Mkitale, ambaye ni mpole na mzee wa kanisa, akamhurumia. Akachukua maiki, akamjibu kwa Kiswahili: hujambo ndugu, habari za safari, za nyumbani, watoto wameamkaje, mvua huko mmepata, ng'ombe wanakamuliwa? Jamaa anapiga kelele, Mkitale anamsihi asubiri, bado hajauliza wazazi. Alipofika kwa bibi mzaa mama, njia ya kuchepukia ilishapita, na kibao cha mizani kinawaka: IMEFUNGULIWA.

Wasalimie wote Makanyagio. Shangazi mwambie migebuka ikaushwe vizuri, mara hii forodha wanafungua mizigo.

Mpwa wako.