Motari Hana Kitabu cha Fakture

Mhasibu wetu ni mama mwema, anaimba kwaya, na kila mwisho wa mwezi tunachukiana kwa adabu. Ugomvi wetu ni mmoja tu: nauli ya moto. Mimi nasema nimelipa. Yeye anasema, "Papa, mimi nakuamini kabisa, lakini fakture iko wapi?" Kumwamini mtu kabisa kisha kumdai fakture ni ufundi ambao nadhani hufundishwa mwaka wa kwanza wa uhasibu.

Msomaji ambaye hujafika Goma, nikueleze. Kutoka Ndosho hadi Birere, kutoka Majengo hadi Himbi, kinachotubeba ni moto, hizo pikipiki unazoziona zimejipanga kila kona. Taksi zipo na basi ndogo zipo, lakini zinapenda lami, na lami yetu ina aibu, haiingii mitaani kwa watu. Kwa hiyo unasimama rond-point Signers, unainua mkono, mnapatana bei, unapanda. Na shida yote imo katika huko kupatana. Bei ya asubuhi si ya jioni, ya jua si ya mvua, na aliyebeba mfuko wa kompyuta hulipa bei ya kompyuta. Mafuta yakipanda, nauli inapanda kabla ya saa sita. Yakishuka, motari, huyo dereva wa moto, hajasikiliza redio.

Ukimwomba fakture anakuangalia kama mgonjwa. Kuna mmoja nilimsihi sana, akachukua kalamu yangu, akachana karatasi ya pakiti ya sigara na kuandika: "Nimemubeba." Bila tarehe, bila bei, bila jina la aliyebeba wala aliyebebwa. Nikaipeleka ofisini hivyohivyo. Mama mhasibu akaigeuza, akaitazama upande wa pili, akauliza mhuri uko wapi.

Ajabu ni kwamba sheria iko upande wangu, au karibu. Sheria ya kazi nambari 015/2002, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema posho ya usafiri si sehemu ya mshahara. Na wakubwa wa kodi nao walikubali kutoigusa kwa IPR, ile kodi iliyokuwa inakatwa kwenye mshahara wako kabla wewe mwenyewe hujauona, kwa sharti kwamba isizidi safari nne kwa siku kwa bei halisi ya tiketi ya mahali hapo: tiketi ya taksi kwa makada, yaani wakubwa kazini, tiketi ya basi kwa wengine. Safari nne! Aliyeandika hivyo alidhani mfanyakazi anarudi nyumbani saa sita, anakula bugali na samaki, analala kidogo, kisha anarudi kazini. Mimi saa sita nakula sambusa nimesimama.

Lakini tazama vizuri. Kada ana taksi, mdogo ana basi, na moto haimo. Hapa Goma kada na mlinzi wa geti wanapanda moto ileile, na siku ya mvua wanapanda wote wawili pamoja, mlinzi akiwa katikati. Tiketi ya nani tutaiambatisha?

Sheria mama ya kodi hizi ilikuwa ya Februari 1969, na sitaki kuionea, maana mwaka huo hata Kinshasa moto hazikuwa nyingi. Ila ilitiwa viraka mara nyingi kuliko barabara ya Sake, na walioitia viraka hawakuwa wajinga wa maisha yetu. Waliweka humo punguzo la asilimia 2 ya kodi kwa kila mtu unayemlea, hadi watu 9. Mtu anayejua kutoka Kinshasa kwamba mezani kwangu wanakaa watu tisa, alishindwaje kujua kwamba hao tisa hawaendi shule kwa taksi?

Na hiyo sheria ya 2002, ukumbuke ilizaliwa mwaka gani. Januari ya mwaka huo volkano yetu, Nyiragongo, ilishuka mpaka katikati ya mji, ikafunika Birere na sehemu ya uwanja wa ndege. Miezi tisa baadaye Kinshasa wakatuandikia haki ya usafiri huku barabara zetu ziko chini ya mawe, na sisi wenyewe tuko chini ya waasi wa RCD, hatuna habari na karatasi za Kinshasa.

Shemeji yangu anafanya kazi Uingereza. Nilimlilia kwa simu, akanisomea mambo ya huko mpaka nikatamani kukata. Mfanyakazi akitumia chombo chake kwa safari za kazi, viwango vinajulikana: gari peni 45 kwa kila maili katika maili 10,000 za kwanza za mwaka, baada ya hapo 25, pikipiki 24, baiskeli 20. Mwajiri akilipa pungufu, au asipolipa kitu, mfanyakazi anaomba nafuu ya kodi kwa ile tofauti. Hawamdai fakture ya kila lita. Anaandika daftari lake: tarehe, ametoka wapi, amefika wapi, maili ngapi, kwa kazi gani. Nyumbani hadi kazini tu ndiko kusikohesabiwa. Nikamuuliza, na chukudu je? Ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, inayoshuka na magunia ya makaa kutoka Kibumba na kuwekewa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji, nayo ni peni 20? Akasema simu inaisha chaji.

Huenda shefu wetu naye ana shemeji Uingereza, maana ametuletea fomu ya kilometa. Ina safu ya namba ya gari, aina ya gari, na rangi ya gari. Nimeandika "moto ya watu" mara zote, rangi "nyekundu na tope". Halafu inataka umbali. Kutoka mjini hadi Sake ni kilometa kama 25, haya, hiyo naweza kuandika. Lakini kilometa ya lami na kilometa ya mawe ya volkano zina mita elfu moja kila moja, na mgongo wangu umekataa hesabu hiyo.

Halafu kukaja mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 wakaingia mjini, benki zikafunga, na watu wakawa wanavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kutafuta pesa zao wenyewe. Nikamwendea Mama mhasibu na swali ambalo hata Waingereza sidhani wameliandika: nauli ya kwenda nchi ya kigeni kuchukua mshahara ni safari ya kazi au ya nyumbani? Alifungua fomu, akaipitia juu mpaka chini, akaifunga. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, hakuniuliza fakture.

Kwa hiyo ninaomba mawili. Wanaotunga sheria, popote watakapokuwa wamekaa safari ijayo, baada ya taksi na basi waongeze moto, wino hautaisha. Na wewe shefu, tupa fomu ya kilometa, utubandikie ukutani bei za mitaa: Ndosho kiasi hiki, Munigi kiasi hiki, Sake kiasi hiki, tutie sahihi tulipwe. Bei ya mvua iandikwe peke yake, tena kwa herufi kubwa, kwa sababu Novemba haijawahi kumhurumia mtu wa Ndosho.